Maswali ninayoulizwa sana kuhusu makuzi ya mtu, toka kichanga hadi uzeeni

Mie nimefunza chekechea huku Kisauni, Mombasa, kwa zaidi ya miaka 20, na nyumbani Majengo nakaa na mamangu mzazi mwenye miaka 81, kwa hivo asubuhi nashinda na wa miaka minne na jioni niko na wa themanini na moja, na hapo katikati nna vijana wangu wawili. Watu hunisimamisha popote, kwenye matatu, sokoni Kongowea, kwa muuza mbaazi, mwalimu mwanangu hivi, mwalimu mamangu vile. Maswali ni yale yale, ndo nimeamua kuyaandika pahali pamoja. Mie si daktari. Penye ugonjwa ntakwambia enda kliniki, na namaanisha uende.

Mwanangu ana mwaka na mwezi mmoja na bado hatembei, wa jirani alitembea na miezi tisa. Kuna shida?

Hapana, kwa umri huo bado hatujafika pa kuwa na wasiwasi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 wakatoa matokeo kuonyesha kila hatua huja lini. Kukaa bila kushikiliwa ni kati ya miezi 4 na 9. Kutembea peke yake ni kati ya miezi 8 na 17 na nusu hivi. Ona hapo katikati palivyo pana, ni kama miezi tisa mizima, na wote hao ni watoto wazima kabisa. Wa jirani yako yuko ndani na wako yuko ndani. Tena katika watoto 100 kuna kama wanne hawatambai kwa mikono na magoti hata siku moja, wanajiburura kwa makalio au wanasimama dede moja kwa moja kisha wanaenda.

Cha kuangalia ni kama yuwasonga. Mwezi uliopita alikuwa akikaa tu, mwezi huu yuwashika kiti asimame dede, basi mambo yanaenda. Mpeleke kliniki kama amefika miezi 18 hajatembea, kama ana miezi 9 na hajaweza kukaa, kama hageuki ukimwita au kitu kikianguka nyuma yake, au kama anatumia mkono mmoja tu na mwengine umelala. Na hili ni la kukimbia siku hiyo hiyo bila kungoja, mtoto aliyekuwa anafanya kitu halafu ameacha, alikuwa anatembea sai hatembei, alikuwa anasema mama sai hasemi.

Nimnunulie woka basi, kile kigari cha mtoto cha kutembelea, apate kasi?

Usinunue. Kile kigari hakimfunzi kutembea, kinamfunza kusukuma kwa vidole akiwa ameketi, na kuna watoto kimewachelewesha. Halafu hatari yake ni kubwa, ngazi, jiko la makaa, sufuria ya chai. Canada walikataza kuuzwa tangu 2004. Mwache chini kwenye mkeka miguu mitupu, vidole vyake vishike sakafu.

Utosi wa mtoto wangu unapiga piga, ni kawaida?

Ni kawaida. Mifupa ya kichwa haijaungana ili ubongo upate nafasi ya kukua, ule utosi wa mbele hufunga kati ya mwaka na mwaka na nusu, wengine hadi miaka miwili. Ukiuona umebonyea na mtoto anaharisha au hakojoi basi amekauka maji, na ukiuona umefura na ana homa, hospitali sasa hivi. Kuupaka dawa za majani na kuubandika vitu hakusaidii lolote.

Mavyaa wangu anasema mtoto amebemendwa ndo maana hanenepi. Ni kweli?

Hili swali linaniuma manake nshaona lilipofikisha watu. Kwa asiyejua, inasemwa mtoto anayenyonya akidhoofu, miguu ikalegea, tumbo likatoka, ni kwa sababu wazazi wamelala pamoja mapema au baba ametoka nje akaja akamshika mtoto. Dadangu, mwili wa baba na mama hauwezi kumdhoofisha mtoto kwa njia hiyo. Anayedhoofu ana sababu yake, chakula hakitoshi au ni uji mwepesi mtupu kila siku, kuharisha kunakojirudia, minyoo, kifua, moyo, au mama ameshika mimba nyingine mapema akaambiwa aache kunyonyesha.

Na hapo kwenye mimba ndo wazee walikuwa wameona kitu, manake walijua watoto wakifuatana karibu karibu yule wa mbele anaumia. Ushauri wa wataalamu mpaka leo ni mama apumzike angalau miaka miwili baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Basi pangeni uzazi, lakini neno kubemenda liacheni. Nilimjua mama mmoja alikaa na mtoto ndani miezi miwili kwa haya, akiogopa watu watasema ametoka nje, na yule mtoto alikuwa na utapiamlo tu, alipofikishwa kliniki akapewa chakula cha dawa akarudi mtu.

Kwa kawaida mtoto huongeza uzito mara mbili ya aliozaliwa nao akifika miezi mitano au sita, na mara tatu akifika mwaka. Fungua kitabu cha kliniki uangalie ule mstari. Mstari ukilala, mtoto haongezi mwezi na mwezi, usingoje. Wale wahudumu wa afya wa mtaani wana utepe wa rangi wa kupima mkono, mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 mkono wake ukiwa chini ya sentimita 11.5 inaangukia kwenye nyekundu na huyo anahitaji matibabu leo. Na wakati tuko hapo, maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, na asali usimlambishe kabla hajafika mwaka hata kidogo, yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi.

Ubongo unakua sana miaka ya kwanza, sasa ninunue nini? Vitabu, tableti, ile miziki ya watoto?

Kukua ni kweli unakua, mtoto akifika miaka miwili ubongo wake umefika kama robo tatu ya ukubwa wa mtu mzima. Lakini kinachoujenga si kitu cha dukani. Ni kujibiwa.

Kuna mama anauza viazi karai hapa karibu na stendi, ana kitoto cha miezi saba amekilaza kwenye leso ndani ya beseni kubwa. Siku moja nikasimama kungoja viazi nikawa namwangalia. Mtoto akasema "aaah-ga". Mama mkono uko kwenye mafuta akamwambia "ehee, ndo hivo, ga!" Mtoto akanyamaza kidogo, akamwangalia mdomo, akatoa nyingine ndefu zaidi. Mama akasema "wataka kiazi wewe? na meno yako wapi?" Mteja akaja, mama akahesabu chenji, mtoto akapiga kelele, mama bila kugeuka akasema "nakuja babangu, nakuja". Nikahesabu mara kumi na kitu kabla viazi vyangu havijaiva. Huyu mama hana tableti na wala hakusoma mambo ya ubongo, na mtoto wake alikuwa anapata kile hasa anachohitaji. Anatoa sauti dunia inamjibu, ananyosha mkono mtu anatazama alikonyosha, na kila jibu linakaza uzi mmoja kwenye kichwa chake.

Na haya yamechunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki, jambo ambalo wengi wetu hatujui. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu Mary Ainsworth aliishi Uganda akizitembelea familia 26 kwenye vijiji karibu na Kampala, anakaa barazani anaangalia mama na mtoto tu. Akaona watoto waliotulia, wanaoenda mbali kidogo kuchezea kitu kisha wanarudi kumgusa mama halafu wanaenda tena, aghlabu ni wale ambao mama zao wangeweza kumweleza kila kidogo cha mtoto, kilio hiki cha njaa, hiki cha usingizi. Mama anayemsoma mtoto wake. Kazi yake iliyokuja kujulikana duniani kuhusu mtoto na mama ilianzia huko.

Sasa simu. Simu inaongea lakini haimjibu, mtoto akisema "ga" video inaendelea na mambo yake. Kwa walio chini ya miaka miwili, Shirika la Afya Duniani linasema skrini isiwepo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini zaidi ndo bora.

Nyumbani tunaongea Kigiriama, mtaani Kiswahili, shule Kiingereza. Si tutamchanganya?

Hachanganyikiwi. Ongea naye lugha uliyo na maneno mengi ndani yake, ile unayoweza kumsimulia na kumkemea na kumbembeleza. Watoto wa Mombasa wamekua hivi miaka na miaka, Kidigo kwa nyanya, Kiswahili mtaani, Kiarabu madrasa, na atachanganya maneno kwenye sentensi moja mpaka miaka mitatu minne, hiyo si kasoro. Ukimhesabia maneno hesabu ya lugha zote pamoja. Kinachonisikitisha ni mzazi anayemkataza bibi asiongee Kigiriama na mtoto ili "Kiingereza kiingie", matokeo yake bibi ananyamaza na mtoto anakosa mtu mmoja wa kumjibu.

Ana miaka mitatu, akikosa kitu anajitupa chini sokoni analia. Ni jeuri?

Ni miaka mitatu. Ile sehemu ya ubongo nyuma ya kipaji cha uso inayoshika hasira na kusubiri ndo kwanza inaanza kazi, na itamaliza baadae sana. Usimpige mbele za watu na usimpe kile kitu. Kaa naye karibu, sauti ya chini, maneno machache, "umekasirika, wataka ile, leo hatununui", ungoje ipite. Itapita. Akishapoa mkumbatie muendelee na safari, usimrudishie hadithi siku nzima.

Mtoto wangu wa miaka mitano nikimgawia sawa na nduguye anasema nimemnyima. Mbona haelewi?

Hili napenda sana, fanya mwenyewe nyumbani uone. Chukua gilasi mbili sawa sawa, zijaze juisi ya ukwaju kiasi kimoja, muulize zinatoshana, atakwambia ndio. Halafu mbele ya macho yake, aone kabisa, mimina moja kwenye gilasi nyembamba ndefu. Muulize sasa ipi ni nyingi. Wa miaka minne mitano atakuonyesha ile ndefu bila kusita, "hii imefika huku juu!" Umwambie lakini si ni ile ile, atakuangalia kama wewe ndo huelewi. Irudishe kwenye gilasi ya kwanza, atasema sai ziko sawa. Imimine tena, ndefu ndo nyingi tena.

Darasani nimefanya hivi sijui mara ngapi. Kuna kijana mmoja wa miaka sita na nusu nilimuona siku alipovuka. Alinyosha kidole kwenye ile ndefu, akafungua mdomo, akanyamaza. Akaangalia gilasi tupu. Akasema pole pole, "ni ndefu... lakini ni nyembamba." Wiki mbili nyuma alikuwa amesema ile ndefu ni nyingi kwa kelele zote. Hakuna aliyemfunza hilo na sidhani ningeweza kumfunza, kichwa chake kilikuwa sasa kinaweza kushika vitu viwili kwa wakati mmoja.

Aliyeyaandika haya ni Jean Piaget wa Uswisi, aliyezaliwa 1896 akafariki 1980, na alichokiona ni kwamba mtoto hafikirii kama mtu mzima mwenye maarifa machache, anafikiri kivyake, na karibu na miaka saba kuna kugeuka. Waliokuja baada yake walionyesha watoto wanaweza mapema kuliko alivyodhani ukiuliza vizuri, lakini ile ya gilasi bado inatokea kila mwaka mbele yangu. Kwa hivo huyo wa miaka mitano hana choyo. Mpe gilasi zinazofanana, kesi imeisha.

Ameingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na shule yake inataka aandike kurasa mbili kila siku. Ni sawa?

Mie nasema si sawa na nimeshagombana na wazazi na walimu kwa hili. Kwenye kifundo cha mkono kuna vifupa vinane, na mtoto akizaliwa vyote bado ni gegedu, hata eksrei haivioni. Vinakuwa mfupa kimoja kimoja na cha mwisho huja kama miaka 9 hadi 12. Mkono wa miaka minne ndani bado unajengwa, wewe wauambia uandike a e i o u kurasa mbili na mzazi anasimama na mwiko. Mpe udongo afinyange, achambue kunde, akande unga wa chapati, afunge vifungo mwenyewe, achore kwa kaa kwenye saruji uani. Kalamu itakuja na itakaa vizuri.

Binti yangu ana miaka tisa ameanza kuota maziwa. Si mapema mno?

Si mapema. Wasichana huanza kubadilika popote kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Kwa wasichana matiti hutangulia, kisha kimo kinaruka kwa kasi, na kuvunja ungo huja kama miaka miwili au miwili na nusu baada ya matiti kuanza. Kabla ya miaka 8 ikianza, au ikifika 13 hakuna dalili yoyote, daktari amuone.

Lakini jambo ni mazungumzo. Zamani mwari alikuwa na somo wake, mtu mzima asiyekuwa mamake, na alimueleza kila kitu. Sai masomo wamepungua na mama anaona haya, basi msichana anaelezwa na simu au na mvulana. Muelezee kabla damu haijaja, mnunulie pedi ziwe kabatini, mwambie ikija siku ya kwanza utafanya hivi na hivi. Nna mwanafunzi wangu wa zamani aliyedhani anakufa, akajifungia chooni nusu siku, na nyumbani kwao kulikuwa na wanawake wanne watu wazima.

Wavulana nao tumewasahau kabisa. Sauti inapasuka, ndoto za usiku, chunusi, miguu inarefuka kabla ya mwili mpaka anaangusha vyombo. Baba au mjomba mmoja akae naye aseme "mie pia ilinitokea", dakika kumi zinatosha.

Kijana wangu wa miaka 16 likizo yuwalala mpaka saa nne asubuhi, usiku hana usingizi. Ni uvivu?

Si uvivu wote. Homoni ya usingizi kwenye umri huu inatoka kwa kuchelewa kuliko kwa mtoto na kuliko kwa mtu mzima, kwa hivo saa nne usiku mwili wake haujui kama ni usiku, na anahitaji saa 8 hadi 10. Lakini simu kitandani inaongeza saa nyingine mbili, na ukiona hapati usingizi kabisa, hali chakula, macho mekundu, shavu limefura, muangalie kama ni muguka, yale majani ya kutafuna. Muguka na miraa zinafukuza usingizi ambao ubongo wake ungeutumia kukua.

Maana ubongo wake ungali unajengwa. Kitambulisho anapata na miaka 18, na sheria ya ndoa ya 2014 inasema hakuna kuoa wala kuolewa chini ya hapo, lakini ile sehemu ya mbele ya ubongo ya kupima hatari inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Akiwa peke yake anafikiri vizuri tu, muweke na wenzake watatu kwenye pikipiki uone. Kwa hivo usimuachie kwa kusema "ni mkubwa sasa". Akirudi usiku muulize ametoka wapi, na akikujibu msikilize mpaka mwisho kabla ya kufoka, manake akifokewa kila akisema kweli ataacha kusema.

Nna miaka 43, simu naisogeza mbali ndo nasoma. Nimeanza uzee?

Kioo cha ndani ya jicho kinakakamaa kidogo kidogo, kila mtu, na karibu na arobaini na kitu hakiwezi tena kujikunja kuona karibu. Mamangu mdogo hushona kofia za mkono, matundu madogo madogo, akaanza kuuzungusha uzi mbele ya sindano akitafuta tundu huku amenyosha mikono yote miwili, akadhani amerogwa asipate riziki. Akapimwa macho, miwani ya kusomea, akarudi kwenye kofia zake jioni hiyo. Ila ukiona kama kuna ukungu mweupe, huo ni mtoto wa jicho, na huo unafanyiwa upasuaji.

Mke wangu ana miaka 49, usiku anatokwa jasho, hasira za ghafla. Ana nini?

Ndugu yangu asante kwa kuuliza manake wengi hawaulizi, wanaondoka tu. Aghlabu ni mwili unakaribia kukoma hedhi, jambo linalotokea kati ya miaka 45 na 55. Akimaliza miezi 12 bila hedhi ndo imekoma. Kabla ya hapo miaka kadhaa homoni zinapanda na kushuka, joto linawaka kifuani linapanda usoni, usingizi unakatika, anasahau alichofuata jikoni. Na joto letu la mwezi wa tatu hapa Mombasa linazidisha. Mpeleke kwa daktari kuna dawa, muekee feni, na usichukulie kila neno. Damu ikirudi baada ya mwaka mzima wa kukoma, hiyo apimwe haraka.

Baba amestaafu bandarini mwaka jana na amekuwa mkimya, anakaa tu. Tumuache apumzike?

Msimuache. Mtu amefanya kazi miaka 30, anaitwa, anaulizwa, anasaini, halafu akafika 60 simu ikanyamaza. Mwanasaikolojia Erik Erikson aliyagawa maisha mafungu manane, na aliyoyasema kuhusu umri wa makamo ni kwamba mtu anataka kuona anachokijua kinaenda kwa wengine. Muulizeni vitu, kweli kweli, mambo ambayo mnahitaji jibu lake. Mtafutieni safari ya kwenda barazani kwenye kahawa na bao kila jioni, hata kama anasema hataki. Na kama ameacha kula, hapati usingizi, haogi, anasema afadhali afe, huo ni ugonjwa wa sonona na una matibabu, mpelekeni hospitali.

Mwili nao utumike. Misuli inapungua kuanzia miaka ya thelathini na arobaini, na asiyeitumia anaipoteza upesi, halafu siku moja anateleza bafuni na nyonga inavunjika. Atembee, abebe vitu vya kiasi, ainuke kutoka kitini bila kushika mara kumi asubuhi. Taa ya chooni iwake, na kile kizulia kinachoteleza mlangoni kitupeni leo.

Mamangu anasahau sana. Ni uzee wa kawaida?

Kusahau jina halafu likaja baadae, kusahau miwani iko wapi, kuchelewa kupata neno, ni uzee. Kuuliza swali moja mara sita kwa saa moja, kupotea njia ya nyumbani aliyoipita miaka 40, kuacha gesi inawaka, kuvaa nguo kinyume, kumshuku mwanawe kwamba amemuibia, huo ni ugonjwa, na ulio mwingi zaidi ni ule wa Alzheimer. Si kila mzee atakuwa nao. Kwanza apimwe kwa sababu kuna vitu vinafanana nao na vinatibika, maambukizi ya mkojo, dawa zilizogongana, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata masikio tu hayasikii vizuri. Na presha na sukari mkizishika mapema mnampunguzia hatari.

Sasa nisikilizeni wenzangu wa Pwani. Kuna wazee Kilifi na Kwale wameuliwa wakiitwa wachawi, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Na bibi anayetembea usiku akiongea peke yake, asiyemtambua mjukuu, anayeonekana nje ya nyumba ya mtu na hajui alifikaje, huyo ni mgonjwa. Ubongo wake unamchanganya usiku na mchana. Ukisikia mtaani linaanza kusemwa, sema wewe kwa sauti kwamba ni maradhi, na mpigie chifu kabla haijawa usiku.

Nimuache mtoto acheze na nyanyake aliyeanza kusahau?

Waache, wewe uwe karibu. Asiachiwe mtoto peke yake kwa jiko wala barabarani, mengine yote sawa. Usimsahihishe mzee kila dakika, akisema leo ni Ijumaa na ni Jumanne haidhuru kitu. Mueleze mtoto kwa maneno yake, nyanya kichwa chake kimechoka kwa mambo ya leo, ya zamani bado anayo.

Mamangu jana hakukumbuka kama amekula, chai na mahamri alivila mwenyewe nusu saa nyuma. Mjukuu wangu wa miaka sita akaja akaketi kwenye mkeka akamwambia "Nyanya, kitendawili!" Akajibu hapo hapo bila hata kugeuza kichwa, "Tega!" Mtoto akasema nyumba yangu haina mlango. "Yai," na akacheka kwamba hicho ni cha watoto. Akatega chake, kuku wangu katagia mibani. Mtoto akafikiri, akakuna kichwa, akashindwa. "Nipe mji." Akapewa Malindi, akakataa. Akapewa Lamu, akakataa. Mtoto akaniangalia mie, mie nikanyamaza. Akasema basi nyanya chukua Mombasa yote, na mamangu akanyosha kanga yake vizuri, akaichukua Mombasa, akaanza kutaja alivyokula humo mtaa kwa mtaa, Makadara, Kuze, Mwembe Tayari, hakuruka hata mmoja, kisha ndo akamwambia ni nanasi.